Gurudumu la Nyuma

Mwaka wa kumi na tisa sasa naendesha tramu mjini Łódź.
Gurudumu likichubuka nalisikia kabla ya fundi,
breki ikikauka naijua kwa unyayo.
Nikifika nyumbani navua buti mlangoni,
na masikio, nadhani, nilikuwa nayavua papo hapo.

Bogna ana miaka kumi na minne.
Novemba aliacha kuchana nywele. Nikasema: ujana.
Tumbo likawa linamuuma kila Jumatatu,
mama yake anachemsha chai ya minti,
mimi nasema: anakimbia mtihani wa fizikia.
Alipomrushia mdogo wake kiatu kwa ajili ya kijiko
nikasema: adabu imemtoka.
Nilikuwa na neno kwa kila kitu,
na kila neno lilikuwa mlango nimeufunga kwa nje.

Kodiani ya babu yake ililala chini ya kitanda,
imekunja mapafu.
Naye alilala, saa kumi na mbili, kumi na tatu,
akaamka amechoka kama aliyeisukuma tramu hadi depo.

Husemwa kimya kingi kina mshindo.
Nilingoja mshindo, haukuja.
Kimya kiliongezeka tu,
kama theluji juu ya gari lililoegeshwa
mpaka umesahau lilikuwa na rangi gani.

Ni Tymek aliyeona. Ana miaka saba.
"Baba, Bogna hacheki hata nikianguka makusudi.
Nimeanguka mara nne."

Usiku ule nilikaa sakafuni kando ya kitanda chake.
Sikujua pa kuanzia, nikaongea kama redio ya kazini:
"Hitilafu iko wapi?"
Akakaribia kutabasamu.
"Si huzuni, Baba. Huzuni ningeijua.
Ni kama niko ndani ya tramu yako, madirisha yamefungwa,
nyinyi mko kituoni mnanipungia mikono,
nami sikumbuki mikono hupungwa kwa nini.
Na nimechoka kuwa mzigo wenu."

Mzigo.
Nikamuuliza lile swali. Nililiogopa kama waya uliokatika:
"Unafikiria kufa?"
(Daktari aliniambia baadaye,
kuuliza hakumpi mtoto wazo, humpa mtu wa kumwambia.)
"Wakati mwingine," akasema.
Nikashika mguu wa kitanda, sikuuachia hadi kukucha.

Kabla ya alfajiri nilikomba vidonge vyote kabatini,
nikavifungia ndani ya sanduku langu la kazi.
Nikapiga simu depo: leo siji. Sijawahi kusema hivyo.
Mama mkwe akaguna, enzi zetu tulichimba viazi,
nani alikuwa na nafasi ya kuumwa roho?
Mke wangu, Ludwika, akanong'ona, majirani je?
Nikamwambia: mficha maradhi, kifo humuumbua.
Akavaa koti.

Daktari Wierzbicka hakutuangalia sisi kwanza.
Alimwangalia Bogna, akangoja, akangoja tena.
Kisha akasema: sonona.
Ni ugonjwa. Si uvivu, wala si deni la mama kwa Mungu.
Nililiandika nyuma ya tiketi
kama jina la kituo kipya kwenye njia niliyodhani naijua.
Foleni ya mtaalamu wa watoto: wiki tisa.
Mwalimu wake wa jiografia akasema, wiki tisa ni nyingi,
akamtafutia mshauri wa shule, kila Jumatano,
chumba chenye mashine ya kahawa iliyokufa.

Sasa ni Aprili. Sitasema amepona.
Kuna siku anakula supu, kuna siku supu inapoa ikimtazama.
Juzi alipanda tramu yangu peke yake,
akaketi nyuma kabisa, mwanzo wa njia hadi mwisho,
nywele amezifunga kwa kamba ya kiatu.
Kituo cha mwisho akaja kwenye mlango wangu, akagonga kioo.
"Baba, gurudumu la nyuma linalia."

Sikuwa nimesikia.
Nilizima redio, tukarudi njia ile ile, yeye amesimama karibu nami.
Ni kweli. Lilikuwa linalia.